Mgonjwa Asiyeweza Kumeza: Kazi ya Muuguzi Kuanzia Kinywani Hadi Tumboni

Wapo wagonjwa ambao muuguzi huwatambua kabla hajafungua faili, na mgonjwa wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni mmoja wao. Kando ya kitanda chake kuna kopo la mate mazito. Kila baada ya dakika chache huliinua na kutema, kwa kuwa hata mate yake mwenyewe hayashuki. Nguo zinampwaya. Ukimuuliza amekula nini tangu asubuhi, ndugu yake ndiye anayejibu: “Maziwa kidogo tu, sista, nayo yamerudi.”

Huenda ana saratani, au kovu la kuungua kwa kemikali, au fangasi, au misuli ya umio imeacha kusukuma. Hayo daktari atayatafuta na kuyatibu. Lakini kinachomdhoofisha siku hadi siku, ugonjwa uwe wowote, ni mambo matatu: kukosa chakula, kukosa maji, na nimonia inayotokana na mate au chakula kuingia kwenye njia ya hewa. Yote matatu yako mikononi mwa muuguzi akiwa wodini, na mikononi mwa ndugu akirudi nyumbani. Makala hii nawaandikia wote wawili.

Ngazi ya chakula

Umio wa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Ni mrija wa misuli unaoanzia mwisho wa koromeo, ukapita nyuma ya koo la hewa na katikati ya kifua hadi tumboni. Una tabia mbili ambazo kila anayemhudumia mgonjwa huyu azijue. Ya kwanza, unatanuka sana. Uvimbe unaweza kuota ndani yake kwa muda mrefu na mtu akaendelea kula, kwa sababu upande ulio mzima unatanuka kufidia. Kwa kawaida shida ya kumeza chakula kigumu huanza upenyo ukishapungua kufikia milimita 13 hivi. Ya pili, umio hauna ule utando wa nje unaofunika utumbo, kwa hiyo saratani ikitoboa misuli hukutana moja kwa moja na koo la hewa, mishipa mikubwa na tezi. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa bila kuwa wazembe: dalili zenyewe huchelewa kuliko ugonjwa.

Swali la “unameza vizuri?” halisaidii kitu. Mgonjwa atasema “vizuri kiasi”, kwa sababu ameshabadilisha chakula chake mara tano bila kujitambua. Shuka naye ngazi: “Mzee, tonge la ugali na nyama uliweza kumeza mara ya mwisho lini? Na wali? Na mtori au ndizi zilizopondwa? Uji je? Maji?” Majibu yake yanakupa ngazi tano zinazotumika kitaalamu: 0 ni anayekula kila kitu, 1 ni anayeshindwa baadhi ya vyakula vigumu, 2 ni anayemudu vyakula laini tu, 3 ni vinywaji tu, na 4 ni yule wa kopo, asiyemeza hata mate. Andika namba hiyo kwenye faili pamoja na uzito wake. Zamu inayofuata ikikuta ameshuka kutoka 2 hadi 3 ndani ya wiki moja, daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Mpangilio wa shida nao unaeleza mengi. Aliyeanza kushindwa ugali, kisha wali, kisha uji, ana njia inayozibika. Aliyeshindwa maji na ugali kwa pamoja tangu mwanzo huenda misuli yake ndiyo isiyofanya kazi. Anayemeza lakini kila funda linamuuma kifuani ana vidonda au fangasi kwenye umio. Anayekohoa papo hapo anapojaribu kumeza ana tatizo la koromeo, kama inavyotokea baada ya kiharusi. Na mgonjwa wa saratani ya umio ambaye zamani alikuwa anamudu maji, lakini sasa kila akinywa anapaliwa na kukohoa, mfikirie tundu kati ya umio na koo la hewa. Usimpe kitu kingine mdomoni mpaka daktari amwone.

Ugonjwa huu unatuhusu kuliko sehemu nyingi za dunia. Kuna ukanda unaoteremka upande wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio imekithiri. Karibu yote ni ya aina inayotokana na ngozi laini ya ndani ya umio, tofauti na ile ya Ulaya na Marekani inayohusishwa zaidi na kiungulia cha miaka mingi na unene. Hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, imeripoti hata wagonjwa walio chini ya miaka 30. Sababu zinazochunguzwa ni nyingi: tumbaku, pombe, moshi wa kuni, lishe duni, afya mbaya ya kinywa, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta watu wakianza kuinywa ikiwa juu ya kiwango hicho. Chai haina kosa. Iache ipoe dakika chache.

Kinywa kwanza

Katika kazi zote za wodini, usafi wa kinywa ndio unaoachwa kwanza siku ikiwa na wagonjwa wengi. Unaonekana kama jambo la kumpendezesha mgonjwa, ukiwekwa kando ya dripu na sindano. Mimi naupanga pamoja na antibayotiki. Mgonjwa asiyemeza ana mate yaliyotuama, na kinywa kisichotafuna hakijisafishi. Bakteria huzaana kwenye meno na ulimi, na usiku akilala chali mate hayo hutiririka taratibu kwenye mapafu bila hata kukohoa. Nimonia inayofuata ilianzia kwenye meno ambayo hayakupigwa mswaki.

Anza kwa kutazama. Chukua tochi, kijiti cha kubonyezea ulimi na glavu. Mwambie mgonjwa unachofanya, mtoe meno ya bandia kama anayo, kisha angalia midomo, ndani ya mashavu, fizi, ulimi juu na chini, na kaakaa hadi nyuma. Chini ya ulimi ndipo panaposahauliwa, na ndipo vidonda vinapojificha. Utandu mweupe unaobanduka ukiufuta kwa shashi na kuacha nyama nyekundu inayotoka damu kidogo ni fangasi. Doa jeupe lisilobanduka, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, kinahitaji kukatwa kinyama na kupimwa, hasa kwa mvutaji sigara, mnywaji wa pombe kali au mla tambuu na ugoro.

Mswaki uwe laini, hata kwa mgonjwa aliye hoi. Pamba iliyozungushwa kwenye kijiti hulainisha kinywa lakini haiondoi ukoga kwenye meno. Mgonjwa akae, au alale ubavu, kidevu kikiwa kimeinamishwa, na beseni dogo chini ya shavu. Asiyeweza kutema apigwe mswaki kwa maji kidogo sana huku mashine ya kunyonya mate ikiwa karibu. Fanya hivyo asubuhi na kabla ya kulala, na asukutue kila baada ya kula na mara kadhaa katikati. Maji ya kusukutua hayahitaji duka la dawa: kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda ya kupikia, siyo magadi ya mawe ya kulainishia maharage, katika lita moja ya maji safi ya uvuguvugu. Dawa za kusukutua zenye pombe zinaunguza na kukausha. Ndimu nayo iepukwe, ingawa wengi huipenda kwa kuwa inatoa mate. Kwenye kinywa chenye vidonda inachoma, na kadiri siku zinavyopita inakausha zaidi. Midomo ipakwe mafuta mepesi ya mgando.

Mgonjwa anayepigwa mionzi ya kichwa na shingo, au anayepewa dawa kali za saratani, kinywa chake huanza kuwaka karibu wiki ya pili. Wenye wekundu na maumivu tu wako daraja la 1. Wenye vidonda lakini wanakula chakula kigumu ni la 2, wanaoweza vinywaji tu ni la 3, na wasioweza kula chochote kwa mdomo ni la 4. Daraja hizi zinakusaidia kuomba dawa ya maumivu mapema, kabla mgonjwa hajaacha kula. Dawa ipewe nusu saa kabla ya chakula, chakula kiwe laini na kimepoa, na pilipili, machungwa na chumvi nyingi viwekwe kando. Mgonjwa huyu huyu amtembelee daktari wa meno kabla mionzi haijaanza, kwa sababu kung'oa jino baada ya taya kupigwa mionzi kunaweza kuacha kidonda kisichofunga.

Fangasi ya kinywani kwa mtu mzima isiishie kwenye dawa ya matone. Muulize kama kumeza kunamuuma. Ikiwa kunauma, huenda fangasi imeshuka kwenye umio, na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI hiyo ni dalili ya hatua ya nne, hatua ya juu kabisa katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Ambaye hajapima ashauriwe apime. Aliyeko kwenye dawa achunguzwe kama zinafanya kazi. Nistatini ya maji inafaa kwa kinywa tu: aiweke mdomoni, aizungushe kwa muda, ameze, na akae bila kula wala kunywa kwa nusu saa hivi. Wengi huimeza kama dawa ya kikohozi, kisha wanalalamika haijasaidia. Ikiwa fangasi iko kwenye umio, dawa ni flukonazo kwa siku 14 hadi 21, na mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba maumivu yatapungua mapema lakini vidonge asiviache.

Kumlisha asiyemeza

Anayemudu bado kumeza aketi wima kabisa, miguu ikigusa sakafu akiweza, kidevu kikielekea kifuani. Kijiko kidogo, funda moja, meza, subiri. Funda la pili lisiingie kabla la kwanza halijashuka. Redio izimwe, maswali yasubiri, kwa sababu mtu akiongea anafungua njia ya hewa. Baada ya kula abaki amekaa nusu saa hadi saa nzima. Sauti yake ikibadilika na kuwa ya majimaji baada ya kumeza, chakula kimekaa juu ya njia ya hewa: mwambie akohoe, na usiendelee kumlisha.

Uji tunaoupenda kumpa mgonjwa una kasoro moja kubwa. Ukiufanya mwepesi ili upite, unakuwa maji yenye unga kidogo, na mtu anaweza kunywa lita mbili kwa siku huku anakonda. Hapa akina mama wetu wana jibu zuri: kimea. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, koroga unga kidogo wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa, nao uji mzito utalegea mbele ya macho yako, kwa sababu kimea huvunja wanga. Urudishe jikoni uchemke tena. Sasa una uji mwepesi wenye unga wa uji mzito. Ongeza maziwa, siagi ya karanga laini, kijiko cha mafuta, na yai lililokorogwa wakati uji unachemka. Sahani ndogo mara sita au nane kwa siku hupita vizuri kuliko bakuli tatu kubwa.

Isipowezekana kwa mdomo, kuna mpira wa puani. Huu usiwekwe kwa kubahatisha kwa mtu mwenye uvimbe unaoziba umio au aliyekunywa kemikali, maana ncha yake inaweza kutoboa. Kwa hao daktari auweke akiona anakokwenda. Kwa wengine, pima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi mwisho wa mfupa wa kifua, utie alama. Halafu hakikisha umefika tumboni. Njia tuliyoizoea wengi, ya kupuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza kwa stetoskopu, haiaminiki: mpira ulio kwenye pafu unaweza kutoa sauti ileile. Vuta maji kidogo na uyapime kwa karatasi ya pH, inayoonyesha kiwango cha asidi. Ikisoma 5.5 au chini yake, uko tumboni. Ikiwa juu zaidi, au mgonjwa anatumia omeprazo inayopunguza asidi, au maji hayavutiki, apigwe picha ya eksrei kabla ya tone la kwanza la chakula. Kipimo cha pH, au kama mpira uko kwenye alama yake, kiangaliwe kila kabla ya kulisha, siyo siku ya kwanza tu.

Wakati wa kulisha, kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45. Chakula kishuke kwa uzito wake chenyewe kupitia bomba la sindano lisilo na msukumio. Kusukuma kwa nguvu huleta kutapika. Mililita 30 za maji kabla na baada huzuia mpira kuziba, na uji wowote uchujwe. Vidonge visagwe kimojakimoja na kupewa kimojakimoja, maji yakipita katikati. Visivyosagwa kamwe ni vile vya kutoa dawa polepole, kwa kuwa ukivisaga unampa dozi ya siku nzima kwa mkupuo.

Anayetarajiwa kulishwa hivi kwa zaidi ya wiki nne hadi sita mara nyingi huwekewa mpira wa tumboni. Ngozi inayouzunguka ioshwe kwa maji na sabuni kila siku na kukaushwa. Wekundu, usaha na maumivu viripotiwe. Ndugu wanapaswa kujua jambo moja la haraka kuliko mengine yote: mpira ukichomoka. Kama tundu lina wiki chache tu, asiurudishe mtu yeyote nyumbani, kwa sababu unaweza kuingia pembeni ya tumbo na chakula kikamwagika ndani. Kama ni la siku nyingi, tundu hufunga ndani ya saa chache, hivyo aletwe hospitali mara moja ili angalau liwekewe kateta ya kulishikilia.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Mtu aliyekaa na njaa kwa siku nyingi, akilishwa ghafla kwa wingi, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama katika siku ambazo kila mtu anafurahi kwamba sasa anakula. Aliyekaa bila chakula kwa zaidi ya siku 10 huanzishiwa kalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani kalori 400 tu kwa mtu wa kilo 40, akishapewa vitamini B1 kwanza, na chakula huongezwa polepole huku damu ikipimwa. Kuwaeleza ndugu jambo hili kunahitaji subira. Wamesafiri na termosi mbili za mtori, na wewe unawaambia kikombe nusu. Waambie sababu, yote, kwa maneno ya kawaida, la sivyo watamlisha ukigeuka.

Kwa saratani iliyochelewa kupasuliwa, stenti imebadilisha mengi. Ni bomba la wavu wa chuma linaloingizwa likiwa limekunjwa kupitia endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na likifika kwenye uvimbe linajitanua na kufungua njia. Tenwek wamekuwa wakiziweka kwa zaidi ya miaka 20, na leo ziko hospitali kadhaa za kanda hii. Mtu wa ngazi ya 4 anaweza kurudi kwenye chakula laini ndani ya siku chache. Stenti haiponyi saratani, na mgonjwa ana haki ya kulijua hilo, lakini kumeza tena ni jambo kubwa.

Baada ya kuwekewa, kifua kuuma kwa siku chache ni kawaida, na apewe dawa ya maumivu bila kusubiri aombe. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa, mapigo ya haraka, au ngozi ya shingo inayotoa mlio wa hewa ukiibonyeza ni dalili za umio uliotoboka. Siku ya kwanza vinywaji, kisha vyakula laini. Tonge la ugali mkavu, nyama ya nyuzinyuzi, mahindi ya kuchoma na muhogo wa kukaanga vinaziba stenti. Atafune sana, anywe maji ya uvuguvugu katikati ya chakula na baada yake. Stenti iliyovuka mlango wa tumbo huacha asidi ikipanda juu, hivyo alale kichwa kimeinuliwa maisha yake yote na atumie dawa ya kupunguza asidi.

Damu na kemikali

Dharura mbili nazitaja kwa sababu zina sura yetu. Kuzunguka Ziwa Victoria, Mwanza, Ukerewe na kwingineko, kichocho cha tumbo huacha mayai kwenye mishipa ya ini. Makovu yanajengeka kwa miaka, damu inakosa njia, na mishipa ya sehemu ya chini ya umio inavimba mpaka inapasuka. Mgonjwa ni kijana mvuvi, hajawahi kunywa pombe, na anatapika damu beseni zima. Mlaze kwa ubavu wa kushoto ili asiivute, nyonya damu iliyo mdomoni kwa mashine, mpe oksijeni. Weka kanula mbili kubwa za mshipani, toa sampuli ya kupima kundi la damu, asile wala kunywa. Pima mapigo na presha kila dakika 15, na uamini zaidi mapigo, kwa kuwa hupanda kabla presha haijashuka. Damu ya kuongezwa hulenga himoglobini ya gramu 7 hadi 8 kwa desilita. Ukiijaza zaidi, shinikizo la damu kwenye mishipa hiyo linapanda na inapasuka tena. Akitulia na kufungwa mishipa kwa endoskopi, ataondoka na propranolo, dawa ya kupunguza shinikizo hilo, na maonyo mawili: asinywe diklofenaki wala asipirini kwa maumivu ya mgongo, na choo cheusi chenye kunata ni damu.

Ya pili ni kemikali, na wahanga wengi ni watoto. Nyumba inayotengeneza sabuni ina kostiki soda, na kostiki iliyoyeyushwa hukaa kwenye chupa ya soda, juu ya meza ambayo mtoto anaifikia. Akinywa, asitapishwe, maana kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asipewe ndimu wala siki kuizima, wala mafuta ya kula, wala kulazimishwa maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe uso na mdomo kwa maji, umkimbize hospitali na chupa yenyewe. Wodini sikiliza sauti: kukwaruza, au mlio mkali anapovuta pumzi, ni koo linalovimba. Mdomo usio na alama usikutulize, kwa sababu kostiki inaweza kupita mdomoni haraka na kuunguza chini. Akipona wiki ya kwanza mzazi aambiwe kwamba kovu huziba kuanzia wiki ya tatu na kuendelea. Mtoto anayeanza kukataa wali na kutaka uji tu si mdeko, arudishwe. Betri ndogo ya duara ya saa au ya mwanasesere iliyomezwa ni dharura ya aina hiyo hiyo, huweza kuunguza umio ndani ya saa 2.

Maumivu, kopo, na sinia

Mgonjwa asiyemeza vidonge anaweza kumeza matone, na hapo mofini ya maji ni neema. Uganda ilionyesha njia: tangu Hospice Africa Uganda ianzishwe mwaka 1993, mofini ya maji inayotengenezwa kutoka unga imewafikia wagonjwa hadi vijijini. Hupewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa ya ukutani, bila kusubiri maumivu yarudi, na inapita kwenye mpira wa puani na wa tumboni. Iendane na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Hofu kwamba itamfanya teja au itamuua imewaacha wengi wakilia usiku bila sababu.

Kopo la mate liwe na mfuniko, libadilishwe kila zamu, lioshwe kwa dawa ya klorini. Mpe kitambaa safi, na pazia akitaka. Harufu ya kinywa inamfanya ageuze uso watu wanapokuja. Wengi hawasemi, wanafupisha tu maongezi. Na chakula kwetu huliwa kwenye sinia moja. Mtu aliyezoea kukaa na wenzake anapohamishiwa chumbani na kikombe chake, anapoteza zaidi ya ugali. Nawashauri familia wamweke palepale wanapokula, na uji wake, kama mwenyewe anaweza kustahimili harufu ya chakula. Asipoweza, waheshimu.

Atafika siku ambayo hataki kula tena, na mwili umeacha kuhitaji. Kumlazimisha kijiko siku hizo kunampalia tu. Lainisha midomo yake kwa maji kila baada ya muda mfupi, endelea na mofini, mgeuze.

Kwa anayerudi nyumbani, usimruhusu mpaka ndugu mmoja, aliyetajwa kwa jina, amemlisha na kumsafisha kinywa mbele yako akiwa hajasaidiwa. Mwandikie kwa Kiswahili, siyo kwa vifupisho vyetu: homa, kikohozi kinachokuja na kunywa, damu, kifua kuuma ghafla, kutomeza maji siku moja nzima, mpira kutoka. Chini yake weka namba ya simu ya wodi, na uhakikishe ni namba inayopokelewa usiku.